Asubuhi Kitulo, mchana Ruaha: Coaster ya kulala inayogoma kuwaka inapojisikia

Msomaji wa Iringa ameniandikia hivi: «Fundi, kamwene. Nina Coaster ya injini ya 1HZ, gia za mkono, ya volti 24, iliyotoka Japani ikageuzwa kuwa gari la kulala. Ina vitanda, friji, pampu ya maji, taa za ndani na inveta. Naikodisha kwa wageni wanaokwenda hifadhi za Ruaha na Kitulo. Siku nyingi nikigusa tu ufunguo inawaka. Siku nyingine inagoma, nikikaa kidogo inawaka kama hakuna kilichotokea. Mwezi wa saba, alfajiri kule Kitulo, ilitoa tatatata, taa za dashibodi zikazimika. Baadaye Msembe, ndani ya Ruaha, saa nane mchana, tumesimama kidogo tu kula, ikatoa ‹ta› moja ikanyamaza, taa zikiwaka vizuri. Nimebadili betri zote mara mbili, stata imesukwa upya, na sasa fundi wa tatu anataka nibadili altaneta. Nibadili?»

Kamwene, ndugu yangu. Altaneta, yaani ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka, usinunue kwanza. Huenda ikawa mbovu, lakini katika yote uliyoandika hakuna kinachoishtaki, na kuipima ni kazi ya dakika mbili. Tutafika huko.

Jambo kubwa katika barua yako umelitaja kwa kupita tu, nalo ni ile milio miwili. Kitulo ililia tatatata na taa zikazimika. Msembe ililia «ta» moja na taa zikabaki zinang'aa. Mafundi wako wamesikia «inagoma» wakatafuta ugonjwa mmoja. Mimi naona magonjwa mawili yanayopokezana zamu, na ndiyo maana kila fundi alipotibu upande wake gari lilitulia kwa muda, kisha likaumwa upande wa pili, ukaona kama umedanganywa. Pengine hakuna aliyekudanganya.

Ile tatatata maana yake ni hii. Soleno ya stata, yaani sumaku ya umeme inayounganisha umeme mkubwa wa betri na mota, inavuta, stata inadai umeme mwingi kwa mkupuo, volti zinaporomoka, soleno inakosa nguvu na kuachia. Mzigo ukiondoka volti zinapanda, soleno inavuta tena, na mchezo unaanza upya mara kadhaa kwa sekunde. Taa kuzimika kunathibitisha kwamba umeme wa gari zima umeanguka. Hiyo ni njaa: ama betri hazina kitu, ama njia ya kutoka kwenye betri imebana.

«Ta» moja huku taa zinang'aa ni kesi nyingine kabisa. Umeme upo. Soleno imevuta na kugota mwisho wake, lakini umeme mkubwa haukuvuka kwenda kwenye mota. Kama ungevuka, taa zingefifia hata kidogo.

Tuanze na Kitulo. Uwanda ule uko kwenye mita 2,600 hivi, na mwezi wa sita na wa saba nyasi huamka na sakitu. Betri ya asidi kwenye baridi ya nyuzi sifuri hupoteza karibu theluthi ya nguvu yake ya kuzungusha injini, wakati huohuo oili imekuwa nzito na injini ya lita 4.2 yenye silinda sita inakuwa ngumu kuzunguka. Betri iliyojaa inavumilia hayo. Iliyojaa nusu, ambayo Iringa mjini ingewasha bila shida, kule juu inaaibika. Kwa hiyo tusilaumu baridi. Baridi imefichua tu kwamba betri zako zililala na njaa, na swali linabaki nani alizinyonya.

Fungua sehemu ya betri uangalie kwa macho kabla ya kushika mita. Betri mbili za volti 12 zimeunganishwa mfululizo ili zitoe 24. Kuna mahali ambapo chanya ya betri moja inakutana na hasi ya nyingine, tuite katikati. Katika gari lilivyotoka kiwandani, pale katikati pana waya mmoja mnene tu wa kuunganisha. Wewe tafuta waya mwembamba wa ziada uliofungwa hapohapo. Nathubutu kusema utaukuta. Aliyeligeuza gari alikuwa na friji, pampu na taa za volti 12, akaona hapa pana 12 za bure, akachomeka. Naona jambo hili kwenye magari ya wageni, kwenye magari ya kliniki, hata kwenye malori ambayo dereva kafunga redio ya gari dogo.

Volti 12 hizo si za bure. Altaneta haijui kama kuna betri mbili. Inaangalia jumla tu, ikifika 28 hivi inaridhika. Friji na taa zako zinainyonya betri ya chini peke yake, ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye bodi. Asubuhi ukiwasha na kuondoka, umeme wa kuchaji unapita sawasawa kwenye betri zote mbili. Ile isiyoguswa inajaa mapema, volti zake zinapanda mpaka 15, inachemka na kukausha maji. Ile iliyonyonywa inabaki kwenye 13 na haijai hata siku moja. Kumi na tano na kumi na tatu ni 28, kwa hiyo fundi akipima jumla anasema chaji iko safi. Miezi kadhaa ikipita una betri mbili mbovu, moja imekufa kwa shibe na nyingine kwa njaa. Unanunua mpya, unazifunga palepale, zinaanza safari ileile. Hapo ndipo pesa za seti zako mbili zilipoishia, kama nasoma sawa.

Kipimo chake ni rahisi. Baada ya wageni kulala usiku mmoja garini, asubuhi kabla hujagusa chochote, pima kila betri peke yake. Iliyojaa inasoma 12.6 au zaidi kidogo. 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki na robo au chini yake. Zikitofautiana kwa 0.3 au zaidi, kesi imekwisha. Angalia na maji pia: ile yenye volti za juu ndiyo utakayokuta imekauka.

Lakini usiishie hapo. Kupima betri ikiwa imepumzika ni kama kumpima kuli nguvu akiwa amekaa kwenye gunia lake. Mbebeshe mzigo: utingo apige stata huku wewe umeshika mita kwenye betri moja, kisha nyingine. Isishuke chini ya 9.6 wakati injini inazunguka. Ikiporomoka mpaka 7 au 8 wakati mwenzake amekaa kwenye 11, umeshampata. Injini ikishawaka, kanyaga mafuta kidogo upime jumla. Kati ya 27.6 na 28.8 altaneta yako ni nzima, na fundi wa tatu unamwambia asante.

Kuna mshukiwa mwingine katika magari yaliyogeuzwa, na huyu anaweza kusababisha tatatata hata betri zikiwa zimejaa pomoni. Ni ile swichi kuu ya kukata umeme, mara nyingi yenye mkono mwekundu, ambayo hufungwa karibu na mlango ili gari likilala siku nyingi betri zisiishe. Wazo ni zuri. Shida ni kwamba nyingi zinazouzwa ni nyepesi mno kwa stata ya basi dogo. Ndani kuna kipande cha shaba kinachogusa kingine, kikiungua kidogo tu kinaanza ubishi. Stata inavuta ampia 200 na zaidi. Ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu, ambao mita ya kawaida haiuoni kabisa, kwa ampia 200 unameza volti 2. Na barabara ya vumbi, ile inayotikisa gari safari nzima, inahamisha mguso wa swichi kama hiyo kila siku mahali papya. Leo inapitisha, kesho haipitishi.

Kuikamata, weka ncha moja ya mita upande mmoja wa swichi na ya pili upande wa pili, halafu utingo apige stata. Mita isomeke karibu na sifuri, isizidi 0.2. Au ishike kwa mkono baada ya kupiga stata sekunde kadhaa: ikiwa ya moto, ng'oa. Fanya kipimo hichohicho kwa njia nzima: kutoka kichwa cha chanya cha betri hadi msumari mkubwa wa stata zisipotee zaidi ya volti 0.5, na kutoka kichwa cha hasi hadi kwenye chuma cha injini zisipotee zaidi ya volti 0.3. Huu upande wa hasi mafundi wengi wanaupita. Waya wa ethi unaotoka injini kwenda chesisi, ukiwa umefungwa juu ya rangi au umeoza ndani ya plastiki yake, unafanya yote haya na kwa nje unaonekana mzima.

Vichwa vya betri sitavizungumzia sana kwa sababu unavijua: toa hasi kwanza, osha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, piga brashi mpaka viwe vyeupe, kaza, paka grisi juu, na hasi irudi mwisho.

Sasa Msembe, na hapa ndipo naomba utulie nami.

Ndani ya soleno ya stata za Toyota kuna vipande viwili vya shaba na kisahani kinachokuja kuvigonga vyote kwa pamoja. Kisahani kikigonga ndipo umeme mkubwa unapovuka kwenda kwenye mota. Kila ukipiga stata cheche zinakula shaba kidogo, na zinakula upande mmoja zaidi ya mwingine. Inafika siku kisahani kinagonga kimoja kikamilifu na cha pili kinakigusa kwa pembe tu. Siku hiyo unasikia «ta», halafu kimya. Unapiga tena, kisahani kimezunguka kidogo kikaangukia mahali palipobaki na shaba, gari linawaka, nawe unasema limejiponya. Mara ya nane, ya tisa, linagoma tena.

Kusuka stata upya hakugusi vipande hivyo. Fundi anasuka mota, anabadili kaboni zinazopitisha umeme kwenda sehemu inayozunguka, anapaka grisi, anarudisha soleno kama ilivyokuwa. Wengine wanavipiga msasa vikang'aa, lakini shaba iliyokwisha haiongezwi na msasa. Kisahani kinazidi kuwa mbali na mguso. Vipande hivi vinauzwa peke yake, pamoja na kisahani chake, na maduka ya spea ya Mwanjelwa, Mbeya, huwa navyo. Badili vyote kwa pamoja. Kisahani cha zamani chenye mashimo kikigonga shaba mpya kinaiharibu mapema.

Kwa nini mchana na si asubuhi? Umetoka Iringa kwenye mita 1,500 na ushee, umeshuka hadi chini ya 1,000, joto ni la bonde, stata imekaa saa kadhaa karibu na injini ya moto. Shaba ikipata joto, ukinzani wake unaongezeka kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Koili ya soleno ikipanda nyuzi 60, imeongeza ukinzani kwa karibu robo, umeme unaopita humo umepungua kwa karibu moja ya tano, na mvuto wake umedhoofika. Ikiwa na vipande vizima bado ingegonga sawasawa. Ikiwa navyo vimeliwa, mvuto dhaifu haukisukumi kisahani kikafika. Dereva anaona maajabu: amekula, amepumzika, gari limepoa kidogo, linawaka.

Usikubali maneno yangu haya bila kupima, kwa sababu «ta» moja linaweza pia kutoka kwenye kaboni zilizokwama. Kipimo kinachotenganisha haya ni kimoja, na lazima kifanyike wakati gari limegoma kweli. Gari likiwa linawaka, kila kitu kitapima kizuri. Hapo ndipo ugonjwa wa mara mojamoja unapowatia watu hasara: gari linapelekwa gereji likiwa zima, fundi anapima uzima, halafu anabadili kwa kubahatisha. Kwa hiyo mita ikae garini, na wewe au utingo mjue mapema mtaishika wapi.

Gia iwe frii, handibreki juu, mawe mbele na nyuma ya tairi. Vua pete na saa. Msumari mkubwa wa stata hauna fyuzi, spana ikigusa hapo na bodi kwa pamoja inakuunguza. Kwenye soleno kuna misumari miwili minene, mmoja unapokea waya wa betri, mwingine unaelekea ndani ya mota, na pana terminali moja ndogo inayotoka kwenye ufunguo. Ncha nyeusi ya mita iwe kwenye chuma cha injini. Utingo ashike ufunguo kwenye stata, gari likitoa «ta» lake, na wewe usome haraka.

Msumari wa betri ukisoma 23 au 24, na ule wa mota ukisoma sifuri au kidogo sana, ni vipande vya shaba. Hakuna mjadala. Yote miwili ikisoma 23 na mota haizunguki, ni kaboni au mota yenyewe, umrudie aliyesuka. Msumari wa betri wenyewe ukiporomoka hadi 12 au chini, stata iache kwanza, rudi juu kwenye swichi kuu, vichwa na betri. Na kama siku moja itanyamaza kabisa bila hata «ta», pima terminali ndogo: hakuna umeme, tafuta kwenye swichi ya ufunguo, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) au waya; upo kamili na hakuna mlio, koili ya soleno imekatika. Ukikuta umeme upo lakini ni 17 au 18, waya mrefu mwembamba kutoka kwenye ufunguo unaumeza njiani. Hapo rilei moja ya volti 24 iliyofungwa karibu na stata, ikichukua umeme moja kwa moja kutoka msumari wa betri kupitia fyuzi, inamaliza kazi. Kwenye gari lililopata joto rilei hiyo inasaidia sana, na kama lingekuwa gari langu ningeifunga hata kabla ya kuulizwa.

Kwa magari ya gia otomatiki ningekwambia pia ujaribu kuwasha ikiwa N badala ya P. Lako halihusiki.

Vilevile kuna kugoma ambako injini inazunguka kwa nguvu lakini haishiki. Hujakutaja, kwa hiyo nitakuwa mfupi: moshi mweupe alfajiri ni hita plagi au rilei yake, bila moshi wowote ni dizeli haifiki, ama hewa imeingia, ama soleno ya kukata dizeli kwenye pampu haipati umeme. Hayo hayana uhusiano na betri wala stata, usiruhusu mtu ayachanganye.

Kuhusu matengenezo, ningeanza na waya wa katikati kabla ya kununua chochote. Uondoe kabisa. Taa na redio zipate volti 12 kupitia konvata ya kushusha 24, inayochukua kutoka betri zote mbili kwa pamoja. Friji na inveta zipewe betri yao ya nyumbani, tofauti na za kuwashia, ichajiwe na paneli ya sola juu ya paa. Ukiwa huna pesa ya vyote kwa sasa, anza na konvata halafu friji izimwe injini ikizimwa. Wageni watalalamika soda si baridi, lakini Kitulo mwezi wa saba nani anahitaji friji? Inveta nayo iwe na swichi yake izimwe usiku. Nyingi zikiachwa wazi bila mzigo hunyonya nusu ampia hadi ampia nzima, na kwa saa 12 hilo si dogo. Kisha betri: kama mojawapo imeshaumia, badili zote mbili kwa pamoja, za aina moja na umri mmoja, baada ya waya kuondoka. Halafu vipande vya shaba, na swichi kuu nzito ya ampia 300 au zaidi, au uitoe tu kama huitumii.

Ukikwama kabla hujamaliza hayo, zingatia mambo machache. «Ta» moja: mtu ashike ufunguo kwenye stata, mwingine agonge mwili wa soleno kwa mpini wa nyundo, si kwa chuma na si kwa hasira. Mara nyingi inashika. Usizidishe sekunde 10 kwa mkupuo, uipumzishe dakika moja. Tatatata: tafuta lori au basi la volti 24 mbusti, yaani likuazime umeme, chanya kwa chanya, hasi kwenye chuma cha injini mbali na betri. Mwenye Noah akijitolea kwa moyo mzuri mkatalie kwa heshima, lake ni volti 12. Kuliegesha kwenye mteremko ni akili ya madereva wetu wa zamani na inafanya kazi kwa gia za mkono, ila Kitulo kukiwa na tope tairi zinateleza badala ya kuzungusha injini. Na yeyote asichomoe betri injini ikiwa inanguruma, eti kupima altaneta. Ndiyo njia ya uhakika ya kuiharibu.

Nitumie usomaji huu nikuambie tuanze wapi: volti za kila betri asubuhi baada ya wageni kulala, volti za kila moja stata ikizunguka, jumla injini ikiwa inawaka, na kama utabahatika likagoma ukiwa na mita mkononi, misumari miwili ya stata inasoma nini. Picha ya pale katikati ya betri pia, ipigwe kwa karibu, nione ni nyaya ngapi zimefungwa.